Amina ya Buger

Mwezi uliopita kanisani kwetu Karatu kulikuwa na semina. Walimu walikuwa mume na mke, vijana, wametokea Arusha, wameshona kitambaa kimoja wote wawili kama makochi ya seti. Mada yao ilikuwa msongo wa mawazo katika mahusiano. Nikamwuliza jirani yangu kwenye benchi, mahusiano ni nini? Akasema ni ndoa. Nikamwuliza, sasa kwa nini hawasemi ndoa? Akaniambia, "Bibi, nyamaza tusikilize."

Nikanyamaza. Wakafundisha kwamba mwenzako akikuudhi umshike mikono, umtazame machoni, umwambie taratibu unavyojisikia. Nilijaribu kumwona akilini marehemu mume wangu, ametoka zizini na samadi mikononi, halafu mimi namshika na kumtazama machoni. Angeniuliza kama kuna mdudu ameingia. Nisingemwachia haraka, angemwita mama yake.

Mwisho wakasema wazee watushirikishe: ninyi mlikabili vipi msongo? Kipaza sauti kikapita kwa mzee mmoja aliyesema, "Kwa maombi tu," akakaa, akapigiwa makofi. Kilipofika kwangu nilisema nitaandika. Wakacheka. Kuandika nilijifunza ukubwani, darasa la kisomo, watoto wa shule wakituchungulia dirishani na kutusahihisha bila kuulizwa. Kwa hiyo najua. Na kweli yule mzee hakusema uongo, ilikuwa kwa maombi. Ila hakusema maombi ya namna gani.

Sisi hatukuwa na mahusiano. Tulikuwa na shamba la mahindi na ngano kidogo, nyumba ya udongo yenye bati jipya, maksai wawili wa kulimia, Mungu, na mama mkwe. Niliolewa mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikitokea Buger kwa baba yangu. Miaka ya kwanza sikupata mtoto. Mama mkwe alikuwa mtu wa wazi sana, Mungu amrehemu, hakupenda kumsengenya mtu. Alisema mbele yangu, mchana, ugali ukiwa mezani: "Mwanangu ameletewa tasa." Mume wangu aliweka chini tonge lake, akatoka nje, na siku ile hakula tena. Nilidhani amekasirika kwa sababu mama yake amesema kweli. Ndivyo alivyokuwa, mtu wa kukuacha udhani unavyotaka.

Baadaye Mungu akanipa binti, kisha wadogo zake wawili, na neno lile likafa njaa. Baba yangu kwa furaha akaniletea mtamba, ng'ombe jike mzuri, mweusi mwenye paji jeupe. Huyo alikuwa wangu. Si wa mume wangu, si wa ukoo wake, wangu. Kila jioni nilimpangusa kwa majani makavu. Misimu miwili ilipita hajashika mimba, majirani wakaanza kukohoa wakipita zizini. Niliwaambia ana wakati wake, kama mimi nilivyokuwa na wangu. Nililisema hilo kwa sauti, na mume wangu akiwa anasikia.

Basi mwaka ule, mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati wa chumvi na sabuni za foleni, maksai mmoja alikufa karibu na msimu wa kulima. Mume wangu aliamka alfajiri, akafungua zizi, akaondoka. Sikujua ameondoka na nini mpaka nilipokwenda zizini kuzoa samadi. Alikuwa amepanda na ng'ombe wangu juu mlimani, kupita msituni hadi Nainokanoka, kwa rafiki yake Mmasai ambaye mke wake hushuka kwetu na punda kununua mahindi. Alirudi baada ya siku kadhaa, ameloa ukungu, na nyuma yake anaburuta kadume kembamba, kitu kama mbuzi aliyekula vizuri.

"Ng'ombe wangu yuko wapi?" nilimwuliza.

"Huyu tutamzoeza nira," akasema.

Hilo ndilo jibu nililopata. Nami nikasema. Nilisema kwa Kiiraqw, lugha yetu ya nyumbani, nzuri sana kwa kazi hiyo, na nilisema mpaka majirani wa ng'ambo ya korongo wakaacha majembe wasikilize vizuri. Yeye alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mdomo, na hakuufungua tena kwangu. Na mimi nikaufunga wangu. Kama ni ugonjwa wa kununa, hakuna aliyemzidi mwenzake.

Sasa hapa ndipo pana jambo ambalo vijana wa semina hawakulijua. Sisi tuligombana kwa Kiiraqw, lakini tulisali kwa Kiswahili. Hakuna aliyetulazimisha. Biblia ilikuwa ya Kiswahili, nyimbo za Kiswahili, mwinjilisti alihubiri kwa Kiswahili, tukaona basi Mungu naye ni mtu wa Kiswahili. Kila jioni kabla ya ugali tulipiga magoti kwenye ngozi moja, watoto katikati. Mume anaomba, mke anasema Amina. Mke anaomba, mume anasema Amina. Hapo ndipo mnainuka na kula. Ndivyo tulivyofundishwa tulipobatizwa, na katika nyumba yetu mtu hakula kabla ya Amina hata angezimia.

Kiiraqw chetu kilikuwa kimenuna. Kiswahili kilibaki.

Jioni ya kwanza mume wangu alifumba macho, akasema: "Ee Baba uliye mbinguni, tunakushukuru kwa mboga hii. Hata wewe umeona haina chumvi. Mguse mhusika."

Watoto wakasema Amina. Mimi nikaisema kwa meno. Kisha ikawa zamu yangu.

"Ee Bwana, wewe wajua chumvi dukani haipo mpaka mtu apange foleni, na mwenye kazi hiyo wamfahamu. Mpe miguu, Bwana, kama ile uliyompa siku alipopanda Nainokanoka na ng'ombe wa watu."

Akasema Amina kwa pua, kama anayetema ganda la haragwe.

Kuanzia hapo tukawa wacha Mungu kuliko kijiji kizima. Hatukukosa sala hata jioni moja. Mchana kutwa mtu unalima unatafuta maneno ya kuomba. Yeye aliomba Bwana amfundishe mja wake wa kike kufunga mlango wa zizi. Mimi niliomba Bwana aniondolee hofu ya zizi, maana kilichokuwamo kimeshaibwa. Yeye alishukuru kwa dume jipya. Mimi niliomba dume jipya lionekane kwa macho, maana tunaishi kwa imani lakini imani nayo ina kiasi. Binti yetu, mwenye kama miaka saba au minane, alikuwa akisikiliza kichwa kikigeuka huku na huku kama mtu anayetazama mpira.

Msinielewe vibaya. Nacheka hapa leo kwa sababu meno yamebaki machache, hayaumi. Siku zile sikucheka. Unajua kupika kwa ajili ya mtu asiyekutazama? Unajua kulala kando ya mgongo? Mtu anaweza kuishi na makofi, akaenda kwa wazee, makofi yana alama. Kimya hakina pa kuonyesha. Nikaamua nitarudi Buger kwa kaka zangu. Nikasema nitamaliza kwanza kupanda, maana sitamwachia shamba tupu akapata la kusema. Nikafunga nguo zangu na kikoi cha binti kwenye kitenge, nikauficha mzigo nyuma ya kihenge cha mahindi.

Lakini kuondoka bila kusema sikuweza. Mimi si mwizi wa ng'ombe. Basi jioni moja, zamu yangu ilipofika, niliomba wazi kabisa.

"Ee Bwana, nitengenezee njia ya Buger. Kupanda kukiisha, mjakazi wako anakwenda kwa kaka zake, maana katika nyumba hii hana hata mtu wa kumwambia habari za asubuhi. Kama kuna mtu wa kunizuia, Bwana, mwambie aseme."

Nikanyamaza. Nilisema moyoni, sasa ataongea. Atasema lolote. Hata atukane.

"Amina!" akasema mume wangu.

Kwa sauti. Si kwa pua. Ilikuwa Amina iliyonyooka kuliko zote tangu ugomvi uanze. Akainuka, akasogeza ugali, akala.

Mimi sikula. Nilisema sasa nimejibiwa na wote wawili, wa juu na wa chini.

Yaliyofuata yaliletwa na binti yetu. Shule ya Jumapili mwalimu alimwambia aongoze sala ya kufunga. Mtoto akasimama, akafumba macho kama baba yake, akasema: "Ee Bwana, kuna mtu amekaa mbele yangu amechukua kalamu yangu ya risasi. Sitaji jina. Ana kamasi. Mguse airudishe." Watoto wakaangua kicheko, mwenye kamasi akaangua kilio. Mwalimu akamwuliza nani amekufundisha kuomba hivyo?

"Nyumbani. Baba na mama huwa wanaongea na Mungu. Wao kwa wao hawaongei."

Haikupita juma, mwinjilisti akafika kwetu na baiskeli, na wazee wawili wa kanisa nyuma yake kwa miguu. Tukawakaribisha. Nikawapa maziwa, ya kuazima kwa jirani, na nikahakikisha mume wangu ananisikia nikisema ni ya kuazima.

"Mama, tumesikia kuna shida kidogo," mwinjilisti akaanza.

"Hakuna shida, mtumishi. Bwana asifiwe."

"Baba?"

"Hakuna."

Mzee mmoja akasema kwa Kiiraqw, "Basi tumepanda kilima chote hiki kuja kunywa maziwa." Akanywa.

Mwinjilisti alikuwa amesomea chuo cha Biblia. Kiswahili chake kilikuwa cha kupiga pasi. Alihubiri muda mrefu, juu ya Kristo na kanisa, juu ya ndoa na agano, na mwisho akasimama kwenye neno moja akalipigilia kama msumari: mchukuliane mizigo. Mke na mume mchukuliane mizigo. Hilo, akasema, si ushauri, ni sheria ya Kristo.

Nami Kiswahili changu ni cha gulioni. Nilisikia "mchukuliane," nikasema moyoni, mtumishi amechelewa, mwenzangu ameshachukua. Lakini mume wangu aliinua kichwa. Nilimwona anarudia neno lile kimyakimya, midomo ikicheza. Mkumbuke miaka ile ilikuwa ya maagizo. Tuliagizwa kuhamia kwenye mstari wa nyumba, tukahama. Tuliagizwa kuchimba choo, tukachimba. Mtu akija na baiskeli akisema ni sheria, ulitii kwanza. Kuuliza kulikuwa baadaye, na mara nyingi hakukuwako.

Asubuhi nikamwona mume wangu amelishika debe langu la maji. Nilistaajabu, lakini tulikuwa hatuongei, na sala ilikuwa bado mpaka jioni. Basi nikamwambia kuku aliyekuwa mlangoni.

"Kuku, debe langu linakwenda wapi?"

"Kuku," akasema mume wangu, "mwambie kanisa limeagiza. Mzigo wa huyu ni maji. Nauchukua." Akaelekeza kidevu kwenye plau na nira zilizoegemezwa ukutani. "Na yeye achukue wa kwangu. Limesemwa mchukuliane. Sio nimchukulie."

Akaenda zake.

Ya chemchemini sikuyaona, lakini nilisimuliwa na watu wengi kuliko waliokuwako. Mwanamume mzima, mwenye maksai na bati, anakwenda kuteka maji na debe la mkewe! Wanawake wakamwamkia, "Shikamoo mama." Shemeji yake, mke wa kaka yake, akamwambia, "Karibu, shoga. Kata ya kichwani umesahau? Chukua yangu." Akakataa kata, akaliweka debe begani. "Shemeji, maji hayabebwi hivyo, hilo sio jeneza!" Alipanda kile kilima na utelezi wa udongo mwekundu, maji yakimwagika mgongoni, wanawake nyuma yake wakiimba nyimbo za harusi. Hakumjibu mtu. Alikuwa na mazoezi ya kutojibu.

Na mimi? Ningekataa, angekuwa na la kumwambia Mungu jioni. Nikachukua nira.

Kulima kwa plau ni kazi ya watu wawili, mmoja ashike, mwingine aongoze ng'ombe mbele. Mimi nilikuwa wote wawili. Maksai wetu wa zamani alijua kazi, akatembea kwa heshima. Lakini yule kadume wa Nainokanoka! Nilimwambia nenda, akasimama. Nilimwambia simama, akaenda, tena kuelekea kwenye maharage ya jirani. Nilimtukana kwa Kiiraqw, akanitazama kama mgeni wa serikali. Kufika saa nne nilikuwa nimelima mistari ambayo nyoka angeionea aibu.

Ndipo akatokea yule mama wa Kimasai, mke wa rafiki wa mume wangu, anaswaga punda wake wawili na magunia matupu. Alisimama pembeni mwa shamba, akaegemea fimbo, akatazama kwanza akashiba.

"Takwenya," nikamsalimu kwa kwao.

"Iko," akaitikia. "Mzee ameenda wapi?"

"Kuteka maji."

Akacheka mpaka shanga zake zikalia. "Mzee wako? Maji? Anaumwa?"

"Ameokoka zaidi."

Akaingia shambani, akapiga mluzi mmoja mrefu wa chini. Kadume kakasimama, masikio mbele. Akapiga mfupi, kakaenda, kamenyooka. Nikaona aibu na hasira pamoja.

"Kumbe anasikia," nikasema.

"Anasikia. Wewe hujui kuongea na yeye."

Nikasema haya, hilo nimekwisha ambiwa na wengine. Kisha nikamwuliza kilichokuwa kooni mwangu tangu siku ile. "Ng'ombe wangu hajambo? Ameshazaa?"

Alinitazama kama unavyomtazama mtoto anayeuliza jua linalala wapi.

"Azae nini, mama? Yule hazai. Hana uzazi kabisa. Sisi tuliona siku ileile. Tumemla kwenye sherehe ya vijana. Alikuwa na mafuta mazuri."

"Mume wangu aliwadanganya?"

"Nani? Mzee wako?" Akatema mate pembeni kwa kushangaa. "Yeye ndiye alisema. Alifika na baridi, hata chai hajanywa, akasema huyu ng'ombe hazai, nipe dume yoyote ya kulima, hata dogo. Mzee wangu akamwambia, wewe mjinga, rudisha Buger kwa baba mkwe wako, akupe mwingine mzuri. Hiyo ni haki yako. Amekataa."

"Kwa nini?"

"Alisema nikirudisha lazima niseme sababu. Na nikisema sababu, hilo neno litafika nyumbani kwangu. Alisema hilo neno nyumbani kwangu halisemwi tena." Akaanza kuwageuza punda wake. "Mzee wangu akampa huyo. Mimi nilisema ni mdogo sana. Mahindi yapo?"

Nikamwambia yapo, akamsubiri mume wangu nyumbani kivulini. Mimi nikashika plau. Mstari ule uliofuata ulipinda kuliko yote, maana jasho liliniingia machoni. Nimesema jasho.

Nililima mpaka mwisho wa shamba na kurudi. Sikuwa nafikiri mambo mazuri, msidhani. Nilikuwa nafikiri: mtu huyu angefungua mdomo mara moja tu! Angeniita kando akasema, mke wangu, ng'ombe wa baba yako ana shida. Ningelia siku moja, yangeisha. Badala yake akapanda mlima na ukungu, akakubali kupunjwa, akarudi na mbuzi wa kulimia, akatukanwa mbele ya korongo zima, akanyamaza. Na mimi nikamwona mwizi. Huo nao ni upendo, nasikia. Upendo wa kumfanya mtu apakie nguo.

Jioni niliporudi, debe lilikuwa mlangoni, maji nusu. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda shingo imekakamaa upande mmoja. Binti alikuwa anamchua kwa samli. Nikapika mboga. Chumvi yote ya nyumba ile ilikuwa kwenye kopo dogo, nimeihifadhi tangu mwezi uliopita. Nikaifungua, nikaimwaga.

Tukapiga magoti. Yeye akaomba kifupi, shingo haikumruhusu: "Bwana, asante kwa maji. Sikujua ni mbali." Nikasema Amina. Ya kawaida.

Zamu yangu ikafika. Nilitaka kumwambia Mungu yote niliyoambiwa shambani, lakini Kiswahili changu cha sala nilikuwa nimekizoeza kuchokoza. Nilipokitaka kwa jambo jingine hakikuja. Nikasema nilichoweza.

"Ee Bwana, ile njia ya Buger niliyokuomba uitengeneze, iache kwanza. Ina matope."

Nikangoja Amina. Haikuja. Watoto wakangoja, ugali ukangoja. Magoti yakaanza kuuma. Nilisema sasa ananikatalia, anataka niende. Nikafumbua jicho moja. Mume wangu alikuwa ameegemeza kichwa ukutani, mdomo wazi, amelala fofofo.

Nikampiga kiwiko cha mbavu.

"Amina!" akasema. Kwa sauti. Imenyooka kabisa. Ileile.

Nikamgeukia. Nikamwuliza kwa Kiiraqw, baada ya muda wote ule, maneno yakatoka yamekauka kama mahindi ya mwaka jana. "Na ile siku nyingine ulikuwa umelala?"

"Siku gani?"

"Ya Buger."

Akajikuna shingo. "Buger kuna nini?"

Watoto walikuwa wanatutazama wote, hakuna aliyekumbuka ugali. Nikasema hakuna kitu, kuleni. Akamega tonge, akachovya kwenye mboga, akatafuna. Akaacha kutafuna. Kisha akanitazama mimi, si Mungu, si kuku, mimi, na akasema kwa Kiiraqw:

"Chumvi imezidi."

Nikamwambia anywe maji, si ameyateka mwenyewe.

Mwinjilisti alipopita tena, habari za chemchemini zilikuwa zimemfikia huko huko njiani. Alimweka mume wangu kando, akamweleza kwa upole kwamba mizigo iliyosemwa ni mizigo ya moyoni. Mume wangu akafikiri. Akamwambia, "Ya moyoni sijui inabebwa kwa kitu gani, mtumishi. Hii ya debe nimeshaijua." Na kila msimu wa kulima, mpaka alipozeeka, alichukua debe, na wanawake wakachoka kumcheka, ikabidi watafute mwingine.

Lakini nimeruka jambo. Asubuhi iliyofuata baada ya ile mboga ya chumvi, nilikwenda nyuma ya kihenge kufungua mzigo wangu wa Buger. Nilitaka kile kitenge nijifunge shambani. Haukuwako. Nikatafuta chini ya kitanda, nikatafuta zizini, nikasema sasa nimeibiwa kweli. Halafu nikainua macho. Mzigo wangu ulikuwa juu darini, umesukumwa kule ndani karibu na bati, mahali ambapo katika nyumba ile ni mtu mmoja tu aliyekuwa na urefu wa kufika. Na haukuwekwa jana. Vumbi na masizi ya moshi yalikuwa yameshaukalia, na buibui alikuwa amejenga kutoka kwenye fundo hadi kwenye boriti.

Mume wangu alikuwa mlangoni, debe mkononi. Ananitazama ninavyotazama juu.

Buger kuna nini, anasema!

Nilikuwa na mengi ya kumwambia, na Kiiraqw kilikuwa kimekwisha kunirudia. Nikasema moja tu.

"Nishushie ule mzigo."

Akaweka debe chini, akanyoosha mkono na shingo yake ile mbovu, akaushusha. Akaupangusa masizi kwa kiganja, akanikabidhi, akachukua debe, akaenda kuteka maji.